KAZI YA MIKONO YETU
Wananchi wa Yangambi na maendeleo ya nchi yao



Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma kwenye kurasa nyingine habari za ubatizo, za ndoa, za miito na za majengo. Sisi tumepewa kusimulia jambo lingine, nalo ni namna watu wa Yangambi walivyofanya kazi kwa pamoja ili wapate chakula, masomo, dawa na maisha ya heshima. Wanaokuja Misa siku ya Bwana ndio wale wale wanaolima, wanaovua samaki, wanaochoma makala na wanaotafuta karo ya watoto. Historia ya parokia isiyotaja jasho lao ingekuwa nusu ya historia.

Kazi nyingi za maendeleo zimefika Yangambi tangu zamani. Nyingine zililetwa kwa amri, nyingine kwa fedha, nyingine kwa elimu ya wataalamu. Nyingi zimekwisha, chache zimebaki. Tukizichungua zile zilizobaki, tunaona kwamba karibu zote ni zile ambazo wananchi wenyewe walizishika wakazifanya kuwa zao. Hilo ndilo tunalotaka kulionyesha, tukifuata miaka kwa utaratibu wake.

1. Nchi na watu wake

Yangambi iko kwenye ukingo wa kuume wa mto Kongo, kilomita 100 hivi chini ya Kisangani, katika teritware ya Isangi. Leo tuko katika provensi ya Tshopo, iliyozaliwa mwaka 2015 wakati provensi kubwa ya zamani ilipogawanywa. Waturumbu ndio wenyeji wa pori na uwanda wa juu. Walokele ni watu wa mto, wavuvi na wachuuzi. Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, wako Watopoke. Baadaye kazi iliwaleta hapa watu wa makabila mengine mengi, nao wamekuwa watoto wa Yangambi kama sisi.

Kabila hizi hazikuishi kila moja peke yake. Mtu wa mto alileta samaki, mtu wa pori akaleta muhogo na ndizi, wakabadilishana sokoni ukingoni mwa maji. Kazi kubwa, kama kufyeka pori au kujenga nyumba, ilimpita mtu mmoja; ilikuwa ya ukoo mzima, na mwenye shamba aliwapa wafanyakazi chakula na kinywaji. Mwito ulitolewa kwa ngoma ya mti, ile inayosema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, kufuata sauti za lugha yenyewe. Misionari wa Kiprotestanti John Carrington, aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, aliieleza ngoma hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1949, na ulimwengu ukastaajabu. Kwetu halikuwa jambo la kustaajabia, kwa kuwa ndivyo watu walivyoitana kazini, kwenye kilio na kwenye furaha.

Mpunga nao una historia yake. Uliingia sehemu zetu pamoja na Wangwana, watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa wali wa Stanley Falls. Walikuja na bunduki na utumwa, na uchungu wa siku hizo haujasahauliwa. Lakini waliacha pia mbegu ya mpunga na lugha hii tunayoiandika. Wazee wetu waliichukua mbegu, wakaijaribu katika udongo wa pori, wakaifanya chakula chao. Hata katika siku mbaya walijua kuchagua lililo jema na kulitunza.

2. Kazi ya amri

Serikali ya Wabeleji, ambayo wazee waliiita Bula Matari, ilipotaka mazao haikuuliza. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu kumlazimisha kila mtu mzima mwanaume kulima mazao yaliyotakiwa kwa siku 60 katika mwaka. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita vya dunia, siku hizo zikafanywa 120. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Basi neno "maendeleo" liliingia masikioni mwa wazee wetu likifuatana na sauti ya kapita na hesabu ya siku.

Tarehe 22 Desemba 1933 mfalme wa Ubeleji alitia sahihi amri ya kuunda INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo kwa Kongo yote, na makao yake makubwa barani Afrika yakawa hapa Yangambi. Pori likafunguliwa, zikajengwa nyumba za matofali, maabara, kambi za wafanyakazi, hospitali na masomo. Miti na majani yaliyokaushwa kwa ajili ya elimu yalikusanywa katika hifadhi ambayo leo ina mifano kama 150.000. Kijiji cha ukingoni kikawa mahali panapotajwa Ulaya, Asia na Amerika. Maelfu ya watu walipata mshahara, na kwa mshahara huo wengi walisomesha watoto.

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa INEAC walianza kati ya Waturumbu mpango ulioitwa paysannat. Waliona kwamba mkulima wa pori hufyeka, hulima miaka michache, kisha huacha ardhi ipumzike mpaka pori lirudi. Wakataka kuipa desturi hiyo utaratibu. Pori likapimwa kwa vipande virefu vyenye upana wa meta 100 hivi. Kipande kimoja kililimwa, cha jirani kikabaki chini ya miti ili mbegu za pori zirudi upesi katika shamba lililochoka. Kila jamaa ilipewa sehemu yake, na mazao yakapangwa kufuatana mwaka kwa mwaka: mpunga, muhogo, mahindi, ndizi.

Tuseme kweli: mpango huo ulikuwa na akili. Ulifuata hekima ya wazee wenyewe kuliko mipango mingi iliyoutangulia, na mazao yaliongezeka. Lakini mkulima hakuulizwa apandishe nini wala lini, wala bei ya mpunga wake haikupangwa naye. Mistari ilichorwa bila kujali mipaka ya ukoo. Wanawake, ambao ndio waliopanda, waliopalilia na waliovuna, hawakuitwa barazani. Kwa hiyo, walipoondoka wasimamizi baada ya mwaka 1960, mistari ikafutika. Pori likaifunika, na kila jamaa ikarudi kufyeka kwenye nchi ya babu zake. Mpango uliokuwa umesifiwa katika vitabu vya Ulaya ulikwisha kwa miaka michache, kwa maana haukuwa na mwenyewe kijijini.

3. Mbegu zilizobaki

Hata hivyo si yote yaliyopotea. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walichapa elimu yao juu ya mngazi. Walionyesha kwamba ukichanganya mngazi wenye kokwa nene na ule usio na kokwa, watoto wake wote wanakuwa na kokwa nyembamba na nyama nyingi ya kutoa mafuta. Mngazi huo huitwa tenera. Leo mashamba makubwa ya Asia, yanayolisha viwanda vya dunia yote, yanapandwa kwa elimu hiyo iliyotoka hapa kwetu.

Tena kuna ndizi inayoitwa Yangambi Km 5. Jina lake ni jina la mahali petu, kilomita ya tano ya njia. Ndizi hiyo inavumilia ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi, na kwa sababu hiyo ilipelekwa nchi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iligawiwa hata kwa wakulima wa Kagera, Tanzania, ambao migomba yao ilikuwa imeshambuliwa. Mgeni anaweza kukutana na jina la Yangambi katika shamba la mjane mbali na hapa, mjane asiyejua kama Yangambi ni mji, mto au mtu.

Mbona mbegu ziliendelea na mistari ya paysannat ikafutika? Sababu tunaiona hivi. Mbegu haihitaji kapita. Mwanamke akiona chipukizi la mgomba ni zuri, analing'oa, anampelekea dada yake ng'ambo ya mto. Hakuna karatasi wala ofisi. Anayelipokea analijaribu mwenyewe, na likimfaa analigawa tena. Huo nao ni ushirika wa wananchi katika maendeleo, ingawa hauandikwi katika ripoti.

4. Uhuru na salongo

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, na wataalamu wengi wa kigeni wakaondoka. Miaka minne baadaye ikaja vita ya Simba, ambayo wazee huiita wakati wa Mulele. Stanleyville ilitekwa tarehe 5 Agosti 1964, ikakombolewa tarehe 24 Novemba mwaka huo huo. Katika sehemu zetu watu wengi sana walikufa, na pamoja nao mapadri na masista. Jamaa zilikimbilia porini, mashamba yakawa vichaka. Waliporudi walianza tena kwa mikono mitupu, na lililowasaidia kwanza lilikuwa muhogo uliokuwa umebaki ardhini.

Mwaka 1970 INEAC ikawa INERA, chuo cha taifa. Mwaka 1973 elimu ya kilimo ya chuo kikuu ililetwa Yangambi, nayo ndiyo asili ya IFA, mahali walipofundishwa maagronomu wa nchi nzima. Kwa miaka ile Yangambi ilijaa vijana, na soko likachangamka. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa zairianisasio: biashara na mashamba ya wageni yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kuyaendesha. Magazini yalibaki tupu, na mkulima hakupata mtu wa kununua mpunga wake kwa bei ya haki.

Wakati huo pia ilianzishwa salongo, kazi ya pamoja ya kila juma. Jina lilikuwa zuri, na wazo la kusafisha njia na kujenga daraja kwa pamoja lilifanana na desturi ya mababu. Lakini salongo ilikuwa ya lazima, na mara nyingi jasho la watu lilitumika katika shamba la mkubwa. Watu wakajifunza kuhudhuria bila kufanya kazi, kuinua jembe pale mkubwa anapotazama. Hivyo desturi njema ya zamani iliharibiwa jina lake. Hata leo kijana akiitwa kwenye kazi ya wote, huuliza kwanza: "Ni salongo?" Swali hilo lina historia, wala si uvivu peke yake.

5. Mashirika na masomo

Mwaka 1961, uhuru ukiwa mchanga, maaskofu wa Kongo walikutana wakachagua njia mpya ya kulijenga Kanisa: jumuiya ndogo za wakristu wanaoishi karibu, wanaojuana kwa majina, zile tunazoziita mashirika. Tangu hapo uhai wa parokia hautegemei misioni peke yake. Shirika linasali pamoja, tena linajua nani ni mgonjwa, nani amefiwa, mtoto gani amefukuzwa masomoni kwa kukosa karo.

Kwa mambo ya maendeleo, shirika lina nguvu ambayo mipango mikubwa haikuwa nayo. Ni dogo, na watu wanaaminiana. Ndiyo maana likelemba, ile desturi ya kuchanga fedha na kumpa mmoja kwa zamu, husimama vizuri pale ambapo watu wanasali pamoja na kutazamana usoni. Kwa likelemba mama amenunua mashine ya kushona, kijana amenunua baisikeli, jamaa imefunika nyumba kwa bati.

Masomo yalitupa mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 1974 serikali ilichukua masomo yote ya Kanisa. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 iliyarudisha mikononi mwa makanisa yayaongoze, lakini mshahara wa walimu ulibaki kwa serikali, na thamani yake ilipungua mwaka kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha za nchi zilipoharibika kabisa, walimu waliacha kazi na milango ya masomo ikafungwa. Hapo, tangu mwaka 1992, wazazi pamoja na Kanisa walikubaliana kumtunza mwalimu kwa mchango wao wenyewe. Jambo lililokusudiwa kuwa la muda likadumu zaidi ya miaka 25.

Tulifikirie neno hilo. Kwa zaidi ya miaka 25 masomo ya nchi hii yalisimama kwa mpunga, mafuta ya ngazi, samaki na makala yaliyouzwa na wazazi. Hakuna mfadhili aliyetoa zaidi ya mama wa kijijini. Lakini mchango huo ulikuwa na upande wake mchungu: mtoto wa maskini alibaki nyumbani, na mara nyingi msichana ndiye aliyetangulia kutolewa. Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa bure, na watoto wakajaa madarasani mpaka viti vikakosa. Ushirika wa wananchi ni mwema, lakini usiwe kisingizio cha serikali kumwachia maskini mzigo ambao ni wa taifa lote.

6. Miaka ya vita

Tarehe 15 Machi 1997 Kisangani iliingia mikononi mwa majeshi ya AFDL. Tangu 1998 vita vingine viliigawa nchi, na njia ya mto kati ya Kinshasa na Kisangani ikafungwa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na raia wengi waliuawa. IFA ilihamia Kisangani kwa sababu ya hatari hizo, na Yangambi ikabaki na majengo makubwa na watu wachache wenye mshahara.

Ni nini kilichotulisha wakati huo? Baisikeli, mtumbwi na jembe. Vijana walisukuma baisikeli zilizobeba muhogo, mpunga na mafuta mpaka Kisangani, wakarudi na chumvi, sabuni na dawa. Hapakuwa na mradi. Hapakuwa na kibao cha mfadhili. Wafanyakazi wa INERA, wakikaa muda mrefu bila mshahara wa kutosha, waliendelea kuilinda ile hifadhi ya majani na miti, na kupima mvua. Hawa tunawataja kwa heshima, kwa maana walitunza mali ya taifa wakati taifa lilikuwa halina nguvu ya kuwatunza wao.

7. Pori na miradi ya leo

Tangu mwaka 1976 sehemu ya pori letu imeandikwa na UNESCO kuwa hifadhi ya dunia. Mwaka 2017 ulianza mradi FORETS, uliolipiwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na CIFOR, ambao ulifundisha vijana elimu ya misitu na kupanda miti pamoja na wakulima. Mwaka 2020 ulisimamishwa mnara wa meta 55 wa kupima hewa inayoingia na kutoka porini. Yangambi imeanza tena kutajwa ulimwenguni.

Tunafurahi, lakini tunayakumbuka ya zamani. Pori linalindwa kwa ajili ya dunia nzima, na mama anahitaji kuni za leo jioni. Makala yanaharibu miti, na makala hayo hayo yanalipa daftari za mtoto. Asiyeyaona haya mawili pamoja hawezi kutusaidia. Ndiyo maana tunaona kazi ya kupanda akasia katika mashamba ya wakulima, pamoja na muhogo na mahindi kati ya mistari, kuwa na matumaini kuliko katazo tupu. Mkulima anapata chakula kwanza, kisha kuni, na miti ni yake. Pale ambapo mkulima anajua kwamba miti ni yake, ataipalilia hata siku ambayo gari la mradi halitarudi.

Sheria nayo imefungua mlango. Sheria ya misitu ya mwaka 2002, pamoja na amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inawaruhusu wenyeji kuomba pori la mababu lipewe jina lao, mpaka hektari 50.000, nao waliongoze kwa baraza lao bila mwisho wa miaka. Watoto wa Yangambi walifikiwa na ramani zilizochorwa na wengine tangu siku za Bula Matari. Sasa sheria inawapa kalamu. Lakini kalamu hiyo ni nzito. Inadai mikutano, mipaka iliyokubaliwa na majirani, na hesabu za wazi. Tena inadai wanawake na vijana waketi barazani, wasiwe wapishi wa mkutano tu. Kijiji kisichozoea kusikilizana kitapata karatasi, na wakubwa watauza miti.

8. Maneno ya kumalizia

Kwa ajili hiyo tunawaomba wakristu wa mashirika yetu wayaweke maswali matatu mbele ya kila mradi utakaokuja, uwe wa serikali, wa wageni au wa parokia yenyewe. Nani aliulizwa kabla ya kuanza? Nani anashika hesabu, na je, anazisoma mbele ya wote? Mfadhili akiondoka, nani ataendelea, na kwa mali gani? Mradi usio na jibu kwa maswali haya, hata ukiwa na fedha nyingi, utafuata njia ya mistari ya paysannat.

Ninyi wageni wetu, mapadri mliotoka parokia nyingine na marafiki wa mbali, msituhurumie kwa sababu majengo yetu yamechakaa. Tembeeni mashambani. Ombeni kuonyeshwa mgomba wa Km 5, waulizeni kina mama habari za likelemba yao, waulizeni wazee namna masomo yalivyosimama bila mshahara wa serikali. Kisha, mkitaka kutusaidia, anzieni hapo, kwenye kazi ambayo tayari ina wenyewe.

Tunawakumbuka waliofyeka, waliopanda na waliosafisha chemchemi, na ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mungu awapumzishe, naye azitie nguvu jamaa za Yangambi ziendeleze walichoanza.